Nesi wa Chumba cha Kusafishia Damu

Nesi wa chumba cha kusafishia damu, katika hospitali moja ya Kilifi, husugua viganja vyake mpaka vipate moto kabla ya kumshika mgonjwa, maana kiyoyozi hakizimwi. Kiswahili chake ni cha Malindi mjini, cha taratibu, ila habari mbaya huzitoa kwa Kigiriama, akiwa ameketi. Asubuhi hii aliketi mbele ya mzee wa Ganze. Mwana wa mzee huyo, Mwaringa, figo zake zimekufa, na mzee alimleta mtoto wa nduguye apimwe, amtolee moja. Alimchagua kwa kuwa naye ni Mwaringa: wote wawili wamerithi jina la babu yao, na mzee aliamini aliyerithi jina amerithi na damu. Vipimo vimekataa. Mwili wa mgonjwa ungeishambulia figo hiyo kama adui.

"Hana ndugu wa tumbo moja?" nesi aliuliza.

"Dada tu, Kavumbi. Lakini nilishamwoza, mwanangu. Huyo ni wa watu."

"Baba, huyo ndiye angepimwa wa kwanza. Mpigie."

Aliyepokea ni mume, na sauti yake ilijaa chumba kizima. "Shikamoo, baba." Mzee alimweleza haja yao. "Lakini mke wangu si gari la kung'olewa vipuri." Akakata.

Nesi aliichukua simu ajaribu tena, amtafute Kavumbi mwenyewe. Ndipo mgonjwa akafumbua macho, pale kwenye mashine ya kusafisha damu.

"Mwache, nesi. Yule bwana atamuumiza tena."

Nesi alimrudishia mzee simu, akamfunika mgonjwa miguu.