Karatasi Mia Kasoro Moja

Wenye viwanda vidogo vya uchapaji wa mji ule walikuwa na kawaida yao. Mgeni akija kwenye kikao kwa mara ya kwanza, hawakumuuliza ana mtambo gani wala anachapa nini. Walimuuliza, "Kabla ya wino ulikuwa nani?"

Hapo ndipo mgeni alipojua kwamba yule mnene mwenye kicheko, anayechapa kalenda, alikuwa muuza nyama, na kwamba hakuna mtu mjini anayekata karatasi kwa unyoofu kama yeye. Anayetoa vijitabu vya hadithi za watoto alikuwa dereva wa basi la masafa marefu; kazi zake huchelewa, lakini hufika. Wa kadi za mwaliko alikuwa refa wa mpira, na mpaka leo ukilalamika rangi imefifia anakutazama kama anatafuta kadi mfukoni. Hakuna hata mmoja aliyesomea uchapaji. Kila mtu aliingia na tabia za nyumba alikotoka.

Zamu ya mama mmoja mwenye viatu vyeupe vya kamba ilipofika, alisimama akasema, "Muuguzi. Chumba cha upasuaji, miaka ishirini na miwili." Akaketi.

"Basi sista," akasema muuza nyama, "mimi na wewe tumekata sana."

Wakacheka, naye akacheka, na jina likamganda. Akawa Sista, na chumba chake cha kazi, chenye madirisha mawili na sakafu inayopigwa deki kila asubuhi, kikawa Kwa Sista.

Hospitali aliiacha kwa ajili ya magoti. Upasuaji ni kusimama, na magoti yake yalikuwa yamesimama ya kutosha. Lakini mapenzi ya karatasi yalianza kule kule wodini. Fomu zilikuwa haziachi kuisha, na zikiisha ni yeye aliyekaa na rula kupiga mistari kwenye daftari tupu, safu ya jina, safu ya umri, safu ya saa. Ukurasa uliopigwa mistari vizuri ulimtuliza moyo kama kitanda kilichotandikwa. Mafao yake ya kustaafu yakanunua mtambo uliokwisha kutumika, na mtambo ukaja na fundi wake, kama mtoto anayekuja na yaya. Fundi alikuwa ametumikia kiwanda kikubwa cha serikali kwa miaka thelathini, mpaka kilipofungwa. Alijua ugonjwa wa mtambo kwa kuusikiliza. Mtu wa tatu pale alikuwa binti yake Sista, wa pekee, aliyekuwa mpima ardhi wa mikataba mifupi mifupi kabla hajachoka kulala kwenye mahema. Yeye alikaa kwenye kompyuta na kupanga kurasa, akizipima kama viwanja.

Tabia aliyokuja nayo Sista ilikuwa kuhesabu. Kabla mgonjwa hajapasuliwa, vitambaa vya kufyonzea damu huhesabiwa kwa sauti. Kabla hajashonwa, huhesabiwa tena, vilivyotumika na visivyotumika, na hesabu isipolingana mgonjwa hashonwi. Basi Kwa Sista karatasi ziliingia kwa hesabu na kutoka kwa hesabu, na zilizoharibika zilitundikwa tano tano kwenye waya, ukutani, kushoto kwa mtambo, kila mtu azione.

"Mama," binti yake alikuwa akimwambia, "kadi ya mwaliko ikibaki tumboni haimuui mtu."

"Leo kadi. Kesho hujui utaletewa nini."

Na kweli, mwaka wake wa nne, akaletewa mtihani.

Ulikuwa mtihani wa majaribio wa darasa la mwisho la shule zote za msingi za wilaya, masomo matano, somo baada ya somo, kuanzia hisabati. Kazi ya namna hiyo ilikuwa haijapata kutoka nje ya makao makuu ya mkoa. Ikienda vizuri, ingekuja kila mwaka, na Kwa Sista pangekuwa mahali pa kudumu, si chumba kinachoishi kwa kuvizia harusi. Ikienda vibaya, binti angerudi kwenye mahema, na Fundi, kwa umri wake, asingepata mtambo mwingine wa kuusikiliza. Afisa mitihani wa wilaya, mwanamume mkavu wa maneno, aliwaachia sharti moja. Kila karatasi, nzima au mbovu, irudi mkononi mwake. Hata moja isibaki.

"Hilo," Sista alimjibu, "hukuhitaji kuniambia."

Hisabati ilikwisha kuchapwa siku ya pili, saa nne asubuhi. Karatasi zilizoingia zilikuwa elfu tatu na mia tatu. Nzima zilikuwa elfu tatu na mia mbili, zimekunjwa, zimepangwa mezani kwa majina ya shule. Kwa hiyo mbovu zilipaswa kuwa mia. Sista alipita kwenye waya akigusa tano tano kwa ncha ya kidole, midomo ikicheza. Alipofika mwisho alisimama kidogo, kisha akarudi mwanzo.

"Tisini na tisa," akasema.

"Hesabu tena," akasema Fundi, bila kugeuka. Alikuwa akifuta rola.

"Nimehesabu mara mbili."

Binti akahesabu. Tisini na tisa. Wakazihesabu upya zile nzima, kifurushi kwa kifurushi, na hakukuwa na karatasi mbili zilizogandana. Wakafagia chini ya meza, wakakung'uta matambara ya mafuta, wakamwaga taka za pipa sakafuni wakazichambua kwa mikono. Binti akalala kifudifudi, akaingiza tochi chini ya mtambo, akatoka na kalamu mbili, sarafu na jino la kitana.

"Kitana cha nani hiki? Mjomba, wewe kichwa chako kina nini cha kuchana?"

"Cha zamani hicho," akasema Fundi, akipangusa kipara. "Sista, sikiliza. Mtambo umeila. Mitambo hula karatasi. Kule tulikokuwa, kwenye laki moja ulikuwa unakula hata kumi, na hakuna aliyeuliza."

"Kule hamkuwa na sista."

"Karatasi moja."

"Fundi, karatasi moja ndiyo mtihani mzima. Maswali yote yapo pale. Ikitoka mlangoni leo, jioni imefika mashine ya kunakili, kesho kutwa kuna watoto wana majibu na watoto hawana."

Alivuta kiti akakaa, na magoti yakamshukuru. Saa tano kasoro. Afisa angekuja saa nane kufunga vifurushi kwa nta ya lakiri na kuondoka navyo. Angeona waya wenye mafungu ya tano tano, na fungu la mwisho lenye nne. Ingekuwa rahisi mno. Karatasi nyeupe ikikunjwakunjwa, ikapakwa wino na kutundikwa pale, nani angeichunguza? Wazo hilo lilipita mbele yake limevaa vizuri kabisa, naye akaliangalia likipita.

Alilifahamu. Walikuwa wameonana zamani, mwaka wake wa kwanza kazini. Siku ile hesabu ilikuwa imepungua kitambaa kimoja, daktari alikuwa mkubwa na mkali, na yeye alikuwa msichana ambaye kofia ya uuguzi ilikuwa haijamtulia kichwani. Alisema "imetimia," mgonjwa akashonwa. Baada ya wiki tatu mgonjwa yule alirudi akiwaka homa. Alipona. Hakuna aliyemuuliza Sista kitu. Kwenye daftari, kwa mwandiko wake mwenyewe, mstari ule ulisomeka imetimia, na ulibaki hivyo.

Akachukua simu.

"Mama, subiri kwanza," binti akasema, akimshika mkono. "Tutafute mpaka saa saba. Ukimpigia sasa, kazi imekwenda. Hata tukiiona baadaye, atakuwa ameshatutoa moyoni."

"Akijua saa saba, hana muda wa kuwatengenezea watoto mtihani mwingine. Akijua sasa, anao."

"Na sisi je?"

Sista alimtazama mwanawe, alivyochafuka vumbi la chini ya mtambo mpaka kwenye nyusi, akamfuta kwa kidole gumba kama alivyokuwa akimfuta uji. Akabonyeza namba.

Mazungumzo hayakuchukua dakika. Afisa alisikiliza, akauliza somo gani, akasema, "Asitoke mtu," akakata.

"Amesemaje?" akauliza Fundi.

"Tusitoke."

"Basi tumeshakuwa mahabusu," akasema Fundi, lakini mzaha ulimfia mdomoni. Alikaa juu ya ndoo, akaweka mikono mapajani. Mikono ile ilikuwa na miaka thelathini ya wino kwenye mistari ya viganja.

"Nyanyuka," akamwambia, kwa sauti ya chini. "Tulikuwa tukifanya hivi kitambaa kikipotea. Kila mtu anarudia kazi yake tangu mwanzo. Hakuna kueleza. Onyesha kwa mikono, kama unachapa."

"Mtambo umezimwa."

"Mikono haijazimwa."

Fundi akainuka, kwa aibu kidogo, kama mtu mzima aliyeombwa acheze. Akashika karatasi ambazo hazipo, akazikung'uta, akazilaza. Akabonyeza swichi bila kuibonyeza. Akasikiliza. Binti alitaka kucheka, akajizuia. Fundi akainama, akachomoa karatasi ya hewani, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hapa," akasema, "pembe ya chini ilikuwa inafifia. Nikasimamisha."

"Simamisha."

Akasimamisha. Mkono wa kulia ukachukua spana, ukalegeza ule mpira unaovikwa kwenye silinda, ndio unaoibusu karatasi na kuiachia herufi. Pembe ikififia, fundi hutia karatasi moja chini ya mpira ili uinuke unywele, herufi zishike. Hufanya hivyo kama mtu anavyokuna sikio. Na mkono wa kushoto wa Fundi, wenyewe, bila kuulizwa, ukanyooka hadi kwenye waya wa karatasi mbovu, ukachukua moja.

Ukabaki hapo hewani. Fundi aliuangalia mkono wake kama vile ni wa mtu mwingine.

"Sista," akasema.

"Fungua."

Safari hii spana ilikuwa ya kweli. Mpira ukalegea, na chini yake, imelala imejikunja na silinda, imelowa mafuta, palikuwa na karatasi ya mia. Maswali ya hisabati yalisomeka yote, yale ya sehemu na yale ya treni mbili zinazokutana.

Fundi akakaa tena juu ya ndoo. "Miaka thelathini nimetia chochote kilichokuwa karibu. Hata picha ya mkurugenzi niliwahi kuitia."

"Hukukosea kutia," akasema Sista. "Tulikosea sisi kuweka waya karibu na mkono wako."

Binti alikuwa ameshachukua simu. "Mpigie umwambie imeonekana, labda hajaondoka."

Wakapiga. Haikupokelewa. Wakapiga tena, na wakati inaita waliisikia ikilia nje ya mlango.

Afisa aliingia na bahasha ya khaki kwapani. Alikuwa amekuja na mtihani wa akiba. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama, akaishika karatasi ya mafuta kwa vidole viwili, akaigeuza upande na upande.

"Mmenipigia saa ngapi?"

"Saa tano kasoro dakika kumi," akasema Sista.

"Na hii imeonekana saa ngapi?"

"Saa tano na dakika ishirini."

"Kwa hiyo uliponipigia hukuwa na habari iko wapi."

"Sikuwa nayo."

Afisa akavua koti, akalitundika kwenye kitasa cha dirisha, akaomba kiti. "Nitahesabu mwenyewe," akasema. "Zote. Mama, nina mashaka na wewe kama nilivyo na mashaka na kila mtu, usinielewe vibaya."

"Mimi nisingekuelewa kama usingehesabu."

Alihesabu mpaka saa nane na nusu. Alikuwa mwalimu wa hisabati kabla ya ofisi, na alihesabu vizuri, bila kulamba kidole. Binti alimletea chai, ikapoa. Fundi alinong'ona mara moja kwamba kule kiwandani mkaguzi alikuwa akija anahesabu soda tu.

Ilipotimia, afisa akafungua daftari lake. "Nitaandika kwamba karatasi moja haikujulikana ilipo kwa muda wa dakika thelathini. Lazima niandike."

"Andika," akasema Sista.

"Na nitaandika ni nani aliyenijulisha, na saa ngapi." Akaandika taratibu, mwandiko wa ubaoni, ulionyooka. "Mwaka jana, kwingine, hatukupata kuambiwa kwamba kuna karatasi iliyopungua. Hata moja. Vitabu vilikuwa safi kama kioo. Ila kuna shule watoto walikuwa wanaweka kalamu chini kabla mwalimu hajakaa." Akafunga daftari, akaanza kuwasha mshumaa wa lakiri. "Sayansi mnaanza lini?"

Binti alimtazama mama yake. Fundi naye akamtazama Sista. Sista aliangalia viatu vyake vyeupe, vilivyopata alama ya wino kwenye ncha.

"Karatasi zipo," akasema. "Tunahitaji nusu saa kuhamisha waya kwanza."

"Uhamie wapi?"

"Ukuta wa kulia," akasema Fundi, na alikuwa ameshashika nyundo. "Mkono wangu wa kulia una adabu."