Kiraka cha Mjane wa Ayalandi

Binti yangu alipopewa nafasi ya mjane mzee katika tamthilia ya wanafunzi kule Braamfontein, mtaa wa hapa mjini, mimi nikapewa kazi ya kushona nguo. Tamthilia ilihusu wanakijiji wa Ayalandi. Sijafika huko, lakini kabla ya kuolewa Johannesburg nililelewa Mgeta, kwenye milima, mvua, tope na viazi, na niliposoma kurasa tatu tu nikajua mwandishi alikiona kijiji kupitia dirisha la gari. Watu wake wanalewa, wanapigana, wanalia, kisha wanalewa tena. Hakuna hata mmoja anayepalilia. Hivyo viazi wanavyokula vinaota wapi, mfukoni mwa mwandishi?

Gauni la mjane lilitakiwa kuwa na kiraka. Nikakitia kama mama yangu alivyonifundisha: kitambaa unakikata kwenye pindo la gauni lenyewe, uzi wa rangi ileile, hadi macho yapite bila kujikwaa. Mjane wa kijijini ana haya zake. Mwalimu wao akaligeuzageuza gauni, akauliza kiraka kiko wapi. Nilipomwonyesha akatikisa kichwa. Alitaka kiraka chekundu, cha kuonekana hadi viti vya nyuma.

"Hakuna mjane anayekwenda msibani hivyo," nikamwambia.

"Eish, Mama, si maigizo tu!" binti yangu akasema, akachukua mkasi wangu na kulitoboa mwenyewe.

Iliniuma sana. Mtoto huyu amezaliwa hapa, bibi yake amefariki bila wao kuonana, na sasa bwana mmoja wa mjini anamfundisha kwamba wanawake kama bibi yake ni vichekesho.

Siku ya onyesho nilikaa mstari wa mbele, nimenuna. Mjane akaingia na kiraka chake chekundu. Mkono kiunoni, shingo mbele kama kuku anayetafuta punje, anasonya kila baada ya hatua tatu. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mwendo ule mwandishi hakuuandika, wala mwalimu hakuufundisha. Ulikuwa wa mama yangu, vile ninavyomwigiza jikoni kila wageni wakija, miaka yote hii, ili watu wacheke. Binti yangu hana bibi mwingine zaidi ya huyo wa jikoni.