Kompyuta ya Mwololo na Masikio ya Nzembi

Mama yake Nzembi alianza kupoteza kusikia akiwa na miaka arobaini na tatu, kule Mbooni, na watu wakamgeuza mjinga. Silipambi hilo. Mtu asiyesikia kwanza hupigiwa kelele, halafu huchekwa, halafu huachiwa jikoni na sufuria zake. Nzembi aliyaona hayo akiwa msichana, na tangu alipotimiza arobaini alikuwa akiishi roho juu. Akiitwa mara mbili, alijiuliza kama ndiyo yameanza.

Na kazi yake, jamani, ilikuwa masikio. Alikuwa nesi wa wajawazito, miaka kumi na minne katika zahanati moja ndogo barabara ya Namanga, ukishapita Kitengela. Zahanati yenyewe haikuwa na mashine ya kupima moyo wa mtoto tumboni. Ilikuwa na kipembe cha bati. Unaweka upande mmoja juu ya tumbo la mama, upande wa pili unaweka sikio lako, unanyamaza, unahesabu mapigo.

Basi mwaka wa 2006 mumewe, Mwololo, akaleta kompyuta nyumbani, ya mitumba kutoka Nairobi, na spika mbili ndefu. Mwololo alifanya kazi kiwanda cha simiti, lakini moyo wake ulikuwa kwaya ya kanisa, ambako aliimba besi, ile sauti nzito ya wanaume. Alihamisha kaseti zote za kwaya ndani ya ile kompyuta, na kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana aliketi kuzisikiliza. Hapo ndipo balaa ilipoanza. Wimbo mmoja unapiga mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Unaofuata unanong'ona. Ukiongeza sauti, wa tatu unakurusha kitini.

"Hii kitu inanichezea," Mwololo alisema.

Mwingine angeudhika. Nzembi alifurahi. Kumbe si yeye peke yake. Kumbe ni kompyuta. Kwa wiki kadhaa alilala vizuri. Lakini alikuwa mtu wa kuangalia mambo, na akaanza kuona kwamba Mwololo analalamikia nyimbo hizi, na yeye sauti zinamkimbia katika nyimbo nyingine kabisa. Hilo hakumwambia mtu.

Mwisho Mwololo akamwita Wainaina, mwenye duka la kompyuta kule mjini. Akaja Jumamosi na begi lake, akaketi mbele ya skrini, akabonyeza hapa na pale.

"Mashine haina makosa," alisema. "Kila kaseti ilirekodiwa kivyake, nyingine juu, nyingine chini, na hii programu inacheza tu vile ilivyopewa. Kuna mahali pa kuiambia isawazishe sauti. Hamkuwa mmeweka alama."

Akaweka alama. Akaiacha programu ipitie nyimbo zote moja moja, na hiyo ikachukua muda wa kunywa chai vikombe viwili. Kisha akacheza nyimbo tatu mfululizo. Zikatoka sawasawa, hakuna kuruka, hakuna kunong'ona. Mwololo akapiga paja kwa furaha.

"Weka ule wa wanaume," Nzembi alisema.

Ulikuwa wimbo ambao wanawake huimba beti mbili, halafu wananyamaza, na besi inabaki peke yake. Nzembi alisogea karibu na spika. Wanawake wakaimba, wakanyamaza. Akangoja. Kilichomfikia kilikuwa kama watu wanaoimba kwa jirani, mlango umefungwa.

"Hapo imeshuka," alisema. "Bado haijatengenezwa."

Wainaina alimtazama, akamwonyesha skrini. Kulikuwa na mistari ya kijani inayopanda na kushuka kufuata sauti, na wakati huo ilikuwa imepanda mpaka juu kabisa. "Hapa ndipo iko na nguvu zaidi, mama."

"Mama Mumo anataka tupasue spika," Mwololo alisema, akimwita mkewe kwa jina la mtoto wao, na wanaume wote wawili wakacheka. Nzembi naye akacheka. Kisha akachukua vikombe, akaenda jikoni kuviosha. Mashine ilikuwa imepona, na yeye bado hakusikia.

Kwa nini hakumwambia mumewe? Nimejaribu kumlaumu, nikashindwa. Alimwona mama yake na zile sufuria, basi. Akajipa moyo kwamba moyo wa mtoto si besi. Huo ulikuwa uongo, na nesi wa miaka kumi na minne alijua kuwa ni uongo: katika kipembe, moyo wa mtoto ni sauti nzito ya chini.

Jumatatu akaja Naserian, mimba ya miezi minane.

"Takwenya, Naserian," Nzembi alimsalimia kwa Kimaasai.

"Iko," Naserian aliitikia. "Sista, huyu mtoto amenyamaza tangu jana. Hachezi vile amezoea."

Nzembi alimlaza, akainama na kipembe. Sasa, alikuwa na namna yake ya kufanya kazi hii. Akisikiliza, kidole chake kiligonga polepole juu ya tumbo kufuata mapigo, ili mama naye aujue mwendo wa mtoto wake. Wanawake walikipenda kidole hicho. Wengine walipita zahanati mbili kukifuata. Siku hiyo kikaanza kugonga, haraka haraka, mwendo wa mtoto mwenye afya. Naserian akatabasamu.

Na Nzembi, sikio likiwa kwenye bati, akagundua kwamba hasikii kitu. Kidole kilikuwa kinagonga kwa mazoea tu. Angeweza kuandika kwamba mtoto yuko sawa, amrudishe mama wa watu nyumbani, na hakuna ambaye angejua. Alibaki ameinama vile vile kwa muda, akiogopa kuinuka. Kisha akainuka.

"Jentrix," alimwita nesi mdogo wa chumba cha pili. "Njoo usikilize. Mimi sisikii."

Jentrix alikuwa amejifunza kazi kwake, kidole na yote. Akainama, kidole chake kikaanza. Kilikwenda taratibu, kikisita, kikigonga tena. Tabasamu la Naserian likaondoka.

"Sista, mbona kidole chake kinaenda polepole?"

Jentrix alimshika Naserian mshipa wa mkono, kuhakikisha kwamba mapigo hayo si ya mama. Hayakuwa yake.

Walimpakia kwenye pikapu ya zahanati mpaka hospitali ya Kajiado, Nzembi amemshika mkono njia nzima. Naserian alipasuliwa kabla ya saa nane mchana. Mtoto alikuwa msichana, alitoka amelegea, wakamsugua mgongo, akalia. Kilio hicho Nzembi alikisikia vizuri, kwa sababu ni chembamba.

Naserian alipozinduka alimshukuru. "Ungesema niko sawa, ningerudi nyumbani," alisema.

Hapo Nzembi angenyamaza, na shukrani zingekuwa zake. Akaketi kando ya kitanda.

"Wiki mbili zilizopita nilikupima nikakuambia uko sawa. Sijui kama siku hiyo nilisikia. Masikio yangu yana shida, Naserian, na nilikuwa naificha."

Naserian alimtazama mtoto, kisha akamtazama yeye.

"Dada yangu Kakenya," alisema, "si pia ni wewe ulimpima?"

Kakenya alikuwa amejifungua mwezi wa Machi, mtoto hakupumua hata mara moja, na kila mtu, hata Nzembi, alisema ni mapenzi ya Mungu.

"Ni mimi," Nzembi alisema.