Mwalimu Aliyekuja na Ufagio

Usiku ule nililala nikiwa nimeshaamua: asubuhi ningemwambia Nyamweya atafute mtu mwingine.

Nyamweya ni mchongaji, jirani yetu hapa Tabaka, na ndiye anayetengeneza mawe ya mchezo wetu. Mchezo wenyewe unaitwa kaling. Katika nchi za baridi huchezwa juu ya barafu. Mtu anasukuma jiwe zito la mviringo, linateleza taratibu kuelekea duara lililochorwa mbali, na wenzake wawili wanakimbia mbele ya jiwe wakiifagia barafu ili lisife njiani. Anayesimama penye duara ndiye anayewapigia kelele: fagia, au acha. Sisi hatuna barafu. Tuna sakafu ya ghala la wachongaji, ambayo tunaisugua na kuimwagia maji ya sabuni, na tuna mawe ya hapa kwetu, yale laini ya kuchongea vinyago na sahani.

Aliyetufundisha ni Mwalimu Ombati. Alikuwa mwalimu wangu tangu darasa la tano. Nilipomaliza la nane nikabaki nyumbani kupiga msasa vinyago pamoja na Mama, na yeye ndiye aliyekuja kuniita nicheze. Mwanzoni tulikosea kama watu wa Tabaka tu wanavyoweza kukosea. Tulilipiga jiwe msasa mpaka chini kabisa, tukalipaka nta, likang'aa kama la kuwauzia watalii, kisha tukaliweka kwenye sakafu yenye maji. Likagandamana na simiti. Nyamweya alilisukuma mpaka akaanguka yeye. Mwalimu alicheka hadi akakaa chini. Alipopata pumzi akatuambia tulichimbe upande wa chini liwe kama bakuli, liguse sakafu kwa ukingo tu. Tangu siku hiyo mawe yetu yakatembea.

Mwalimu ndiye aliyekuwa akisimama penye duara. Alikuwa na sauti ya gwaride, ukiisikia miguu inatii kabla ya kichwa. Mvua ndefu zilipoanza aliugua, na hakuugua siku nyingi. Tukamzika kwao, juu kule kwenye migomba, na tukabaki wachezaji wanne.

Jumamosi hii maofisa wa michezo walikuwa waje ghalani kututazama, baada ya voliboli kumalizika uwanjani. Tulikuwa tucheze kwa maonyesho tu, bila pointi wala kombe. Wakiupenda mchezo, mwakani utaingia katika mashindano ya vijana. Wasipouona, wenye ghala walishatuambia watarudisha magunia yao mle ndani, na mchezo wa Mwalimu utakuwa umeisha.

Ijumaa jioni, kwenye mazoezi, wenzangu walinisimamisha penye duara. Walisema macho yangu huona mahali jiwe litakapopinda kabla halijapinda. Ni kweli, huona. Nimeshika mawe tangu utotoni. Lakini kuona ni kitu kimoja. Nyamweya alisukuma, wale wengine wawili wakafagia, na mimi nikasema, "Acha." Waliendelea kufagia. Nikasema tena. Jiwe lilipita duara, likagonga ukuta, likamegeka ukingo.

"Kemunto," Nyamweya akaniita kutoka kule mwisho, "ulikuwa unaongea na sisi au unamnong'oneza mbu?"

Wenzangu walicheka. Nami nilicheka kidogo, nikiangalia viatu vyangu.

"Tafuteni mwingine," nikasema.

"Mwingine yupi? Tuko wanne. Ukitoka wewe, kesho tutawafungulia wageni mlango tuwaonyeshe ndoo za sabuni."

"Ni maonyesho tu, Nyamweya. Hata tukishinda hakuna anayehesabu."

Nyamweya aliliokota lile jiwe, akapuliza vumbi pale lilipomegeka, akaliweka kwapani kama mtoto aliyeumia, akaenda zake. Mimi nikaenda nyumbani, nikala, nikalala.

Nikajikuta uani kwetu, nimeinama juu ya karai, napiga msasa jiwe. Ni kazi ninayoifanya kila siku, kwa hiyo sikujua kwamba ni ndoto. Unainamisha kichwa, unasugua, maji yanakuwa meupe, huzungumzi na mtu. Kisha vidole vikaanza kuuma kwa baridi. Nikavitoa, na juu ya maji pakabaki mashimo mawili yenye umbo la mikono yangu, kwa sababu maji yalikuwa yameganda.

Nikainua macho. Uwanja wote ulikuwa mweupe. Theluji sijapata kuiona, nimeona mvua ya mawe tu. Theluji ya ndoto yangu ilikuwa ni vumbi la mawe yetu, lile linalokaa juu ya paa na majani ya migomba wachongaji wanapotumia misumeno, ila lilikuwa linashuka kutoka juu, bila sauti, na lilikuwa la baridi.

Mwalimu alikuwa amesimama karibu na kamba ya nguo. Alivaa koti lake la shule, lenye chaki mfukoni, na alishika ufagio. Sikushtuka. Nilijua amekufa, na nilijua pia kwamba si adabu kumwambia.

"Habari za asubuhi, Mwalimu."

"Nzuri, Kemunto. Twende, wameshaanza."

Tulitembea, na ua wetu haukuwa na mwisho. Nyumba yetu ilibaki nyuma, kisha haikuwepo. Mbele yetu kuna milima mirefu mieupe, na chini yake uwanja wa barafu, na watu waliovaa makoti marefu na kofia za sufu wanakimbia na fagio mbele ya mawe. Fagio zao ni za vijiti, kama zetu za kufagilia uani. Nikawatambua. Mwalimu alitusimulia habari zao darasani: kwamba zamani, mashindano ya mataifa ya majira ya baridi yalipokuwa bado machanga, kuna wakati kaling ilichezwa kwa maonyesho tu. Watu walisafiri mbali, wakacheza, wakashinda, na ushindi wao haukuingia katika hesabu ya medali. Darasa zima tulicheka. Tulisema ni wajinga, ni kama mtu anayefanya mtihani usiosahihishwa.

Sasa nawaona kwa karibu. Mzee mmoja mwenye masharubu meupe amechuchumaa, anatazama jiwe lake likienda, midomo imebana kama ya mama anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano. Jiwe linagonga jingine, linalitoa, linabaki peke yake katikati ya duara. Wenzake wanaruka. Walioshindwa wanakuja, wanawashika mikono, mmoja anamfuta mwenzake theluji kwenye kofia. Ng'ambo ya uwanja bendera za watu wengine zinapandishwa. Hakuna anayegeuka kuzitazama. Wanazungumza juu ya lile jiwe, wanalionyesha kwa vidole, wanabishana lilivyopinda.

Nikamwuliza Mwalimu, "Hawajui kwamba haihesabiwi?"

"Wanajua," akasema. Kisha akanionyesha duara kwa mpini wa ufagio. "Simama pale."

Wale watu hawapo tena. Barafu ni sakafu ya ghala letu, ila kuta zimeondoka na imekuwa ndefu, mwisho wake siuoni vizuri. Nimesimama penye duara. Kutoka kule mwisho jiwe linakuja, sijui limesukumwa na nani. Mwalimu anakimbia mbele yake, mgongo umepinda, anafagia. Nasikia ufagio, shii, shii, shii, na jiwe likinguruma polepole kama mtu anayeota. Naliona litakapokwenda. Limepewa nguvu nyingi mno. Aache kufagia sasa, na litakaa katikati.

Nikafungua mdomo. Pumzi ilitoka nyeupe, lakini neno halikutoka.

Alinipita. Alipita karibu kiasi kwamba koti lake liligusa mkono wangu, lakini hakuinua kichwa. Jiwe likavuka duara, naye akaendelea kufagia mbele yake. Akaenda, akaenda, mgongo ule ule umepinda, akawa mdogo kule kwenye weupe, bado anafagia, kwa sababu hakuna aliyemwambia aache. Nilimkimbilia. Kadiri nilivyokimbia ndivyo sauti ya ufagio ilivyozidi kuwa mbali, kisha sikuisikia.

Nililia, nadhani. Katika ndoto ile kulia hakukuwa na uchungu, ilikuwa kama kunawa uso.

Halafu yupo hapa. Amekaa juu ya karai langu lililopinduliwa, anakung'uta vumbi jeupe kwenye viatu. Anapumua kama mtu aliyepanda mlima.

"Umechoka, Mwalimu."

"Nimekwenda mbali."

"Nisamehe. Nilidhani unaona."

Ndipo aliponitazama, kama alivyokuwa akinitazama darasani nilipojua jibu nikakataa kuinua mkono.

"Anayefagia anaona jiwe na miguu yake," akasema. "Duara unaliona wewe."

Nilifikiria miaka yote niliyoinama juu ya karai, nisijue nani amepita njiani mpaka Mama aniambie. Wala sikuwahi kuona kwamba Mama ananipigia kelele anaponiambia.

Mwalimu akainuka, akajinyoosha mgongo kwa mikono miwili. "Kesho wenzako watainama," akasema. Akachukua ufagio.

Jiwe jingine linakuja. Hili ni lile lililomegeka ukingo, nalitambua, nasikia kidonda chake kikikwaruza. Mwalimu ameinama mbele yake. Shii, shii. Nataka kuangalia viatu vyangu, lakini nikiangalia viatu hakuna atakayemtazama yeye, na ataenda tena kule. Linakaribia. Linaanza kupinda. Bado. Bado kidogo.

"Acha!"

Sauti ile sikujua kama ilikuwa yangu. Ilitoka tumboni, ikafika milimani, ikarudi.

Mwalimu akaacha papo hapo. Akauinua ufagio juu, akasimama wima, akawa mrefu kama alivyokuwa kabla ya kuugua. Jiwe likamwacha, likaja lenyewe. Hakulitazama. Alikuwa ananitazama mimi, anatabasamu, na vumbi jeupe lilikuwa linashuka kati yetu likizidi kuwa zito, nikaona koti, nikaona ufagio, kisha nikaona weupe tu.

Nikafungua macho. Weupe ule ulikuwa ni mwanga wa asubuhi kwenye pazia. Koo lilikuwa linawasha.

Kutoka jikoni, upande wa pili wa ua, nikamsikia Mama.

"Kemunto! Niache nini?"

Sikuelewa. Nikakaa kitandani nikisikiliza. Akaja mpaka mlangoni, mwiko mkononi, uji unamdondoka kwenye kanga.

"Nimeacha kukoroga," akasema. "Nimesimama kule kama mlingoti. Nikadhani kuna nyoka. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama. Mwalimu Ombati alikuja."

Kwetu marehemu akija huulizwi umeota nini, unaulizwa alikuwaje. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu.

"Alikuwa na hasira?"

"Hapana. Alikuwa amechoka, kisha akapumzika."

"Ameomba kitu?"

"Hakuomba. Amesema wenzangu leo watainama."

Mama alilifikiria neno hilo, akautazama mwiko. Miaka yote ameinama pamoja nami, sikuhitaji kumweleza.

"Basi amka," akasema. "Uwahi ghalani kabla hawajamwaga maji."

Akatoka. Nilivaa, nikafunga kitambaa kichwani, nikatafuta viatu vyenye soli nzima. Nje kulikuwa na umande na moshi wa jikoni kwetu. Barabarani Nyamweya alikuwa anapita na toroli lenye mawe, kichwa chini, anasukuma kupanda mlima, na mbele yake mvua ilikuwa imekula ukingo wa kushoto wa barabara. Kwa pale alipokuwa, nyuma ya lile rundo la mawe, asingeweza kuona.

Sikungoja nifike karibu.

"Nyamweya! Kulia! Shika kulia!"

Toroli likageuka kulia.