Watani wa Laini ya Kijani

Lusekelo Mwakalobo hana gari na hajawahi kuwa nalo. Anakaa Hyattsville, ghorofa ya pili, dakika saba kwa mguu kutoka stesheni ya Laini ya Kijani ya treni za jiji. Mtu akimpa lifti anashukuru kwanza, kisha anauliza kama anaweza kushushwa stesheni iliyo karibu. Ni Mnyakyusa wa Rungwe. Baba yake alikuwa mkaguzi wa reli ya TAZARA upande wa Mbeya, akitembea juu ya mataruma yanayobeba reli na nyundo begani, akigonga chuma na kusikiliza. Mimi husema Lusekelo alizaliwa treni ya mizigo ikipita, mkunga akamwambia mama asubiri mabehewa yaishe ndipo asukume. Yeye anakataa. Anasema alipozaliwa reli yenyewe ilikuwa haijajengwa. Basi, ilikuwa treni ya mapema.

Alikuja huku Marekani na mkewe na binti yao Flaviana wa miaka sita. Kwa miaka kumi na tisa alikunja mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja katikati ya jiji. Treni ya kwanza, saa kumi na moja alfajiri, ilikuwa yake. Siku ya kwanza kazini alisinzia, akapitiliza hadi mwisho wa reli, Branch Avenue, akageuka nayo, akasinzia tena hadi mwisho wa upande wa pili, Greenbelt. Yeye husema alikwenda na kurudi mara moja. Mimi nasema mara nne, na aliposhuka alikuwa na ndevu na watu wa behewa lile walishamchagua mwenyekiti.

Mkewe alifariki, sasa miaka tisa. Hakuacha kazi hata wiki moja. Alipostaafu ndipo tulipoona anapungua mwili, maana hakuwa tena na sababu ya kupanda treni. Akatafuta sababu, akatupata sisi.

Tunakutana kila Jumamosi saa nne asubuhi pale Gallery Place, ambapo Nyekundu, Kijani na Njano zinakutana chini ya ardhi. Tuko wanne. Lusekelo ni wa Kijani. Jaha ni wa Nyekundu: Mmarekani Mweusi, mzaliwa wa jiji hili, mwalimu mstaafu aliyejifunza Kiswahili chuoni enzi za nywele kubwa, na hadi leo anatusahihisha ngeli sisi tuliozaliwa nazo. Cosmas ni wa Njano: Mkenya wa Nakuru, anahudumia wazee huko Arlington, zamu ya usiku. Mimi Ghati, Mkuria wa Tarime, nakaa Oxon Hill kwa binti yangu, kusiko na treni, ndiyo maana wakanifanya mwamuzi. Herufi sikusoma mapema, lakini rangi nazijua, na reli za hapa zimepakwa rangi kwa ajili ya watu wenye akili kama mimi.

Kila Jumamosi mmoja anatupeleka kwenye laini yake na kuitetea. Atakayeshindwa analeta mandazi wiki inayofuata.

"Nyekundu ndiyo ya kwanza kuzaliwa," Jaha huanza hivyo siku zote. "Nyinyi wengine ni wadogo zetu. Na ngazi za umeme za Wheaton, je? Zina mwisho zile?"

Zile ngazi nimezipanda. Nilianza chini nimemkasirikia mtu, nikafika juu nimesahau ni nani, na yeye alikuwa kando yangu anakula karanga.

"Shosho, usidanganywe na ngazi," Cosmas huniambia, maana kwao bibi ni shosho. "Njano inatoka gizani ghafla, uko juu ya daraja, Potomac chini, ndege inashuka hapo kando. Nyekundu mnaonyeshwa nini? Ukuta tu, bana."

Lusekelo huongea mwisho, na huongea kidogo. "Angalieni viatu," anasema. "Alfajiri, Kijani. Huyu kiatu cha jikoni, yule buti la zege, yule raba nyeupe za hospitali. Jiji hili linaamshwa na viatu vile. Njano inabeba wenye masanduku ya safari."

Siku alipoyasema hayo mara ya kwanza nilimpa ushindi, na wiki iliyofuata Jaha akaleta mandazi magumu kama mataruma.

Mwaka juzi mabishano yalitaka kuharibika. Jaha alisema Kijani ni mtoto wa mwisho, bado ananyonya. Jumamosi mbili Lusekelo hakuja. Nikawapigia simu wote. Nikawaambia, kwetu makabila yaliyochomana mikuki zamani ndiyo yanayotukanana leo bila mtu kununa, kwa sababu ni watani. Kuanzia leo Nyekundu, Kijani na Njano ni watani. Atakayenuna atanilipa mbuzi, na mimi nachagua mbuzi. Wakakubali. Jaha, kwa kuwa ni Jaha, akaenda maktaba kusoma habari za utani, akarudi na daftari.

Sasa, Flaviana. Flaviana ni muuguzi, binti mwenye heshima na haraka. Februari ya mwaka jana baba yake aliteleza kwenye barafu nyuma ya jengo lake, akakaa pale chini dakika arobaini mpaka alipopita mwenye mbwa. Akaenda hospitali, akafungwa mkono, akamwambia binti yake ameulalia vibaya. Wiki tatu baadaye Flaviana alikuwa anamfulia koti, akakuta karatasi ya hospitali mfukoni. Hakugomba. Alinunua nyumba.

Nyumba iko Annandale. Ghorofa nzima ya chini ni ya baba: mlango wake, jiko lake, bafu lenye vyuma vya kushikilia. Annandale ni pazuri. Kuna miti, kuna chuo, kuna maduka ya Wakorea yenye samaki ambaye bado anakutazama. Stesheni ya treni hakuna.

Mtoto akikutengea nyumba utamwambiaje hutaki? Lusekelo alisema ndiyo. Jumamosi moja, pale Gallery Place, akatuambia sisi kwa sauti ileile anayotangazia mvua: "Wiki ijayo sitakuja. Nahamia kwa mtoto."

Jaha akajaribu. "Afadhali. Kijani itapumua, mlaji mkubwa wa ndizi ameondoka."

Lusekelo hakumrudishia tusi. Akasema asante, akapanda treni yake. Tukatazamana watatu. Mtani asiyejibu ni mgonjwa.

Jumamosi ya kuhama tulifika Hyattsville bila kualikwa. Lori la kukodi lilikuwa nje, kitanda na kochi vimeshapakiwa. Flaviana alikuwa anashuka na kupanda na maboksi. Jaha akalivuta sanduku kubwa la nguo la Lusekelo mpaka mlangoni, akalikalia, akakunja mikono.

Flaviana huchanganya Kiswahili na Kiingereza. Hapa naandika nusu niliyoielewa.

"Mama Jaha, samahani, naomba nipite."

"Hapiti mtu. Mimi ni mtani wa marehemu."

"Marehemu gani?"

"Baba yako."

"Baba yuko jikoni!"

"Ndiyo maana nimewahi."

Nyuma ya Flaviana, Cosmas alikuwa amejilaza juu ya godoro lililokuwa sebuleni likingoja kubebwa. Dakika tatu za mwanzo alilala kwa utani, kama watani wanavyoingia kaburini msibani wakakataa kutoka hadi walipwe. Baada ya hapo alikoroma kweli, alikuwa ametoka zamu.

Flaviana akanigeukia. "Bibi Ghati, wewe ndiye mtu mzima hapa. Hii ni nini?"

"Utani, mwanangu. Nyekundu na Kijani walipigana tangu enzi za mababu, wakapatana. Marehemu wa huyu hazikwi mpaka yule alipwe."

"Treni zina mababu?"

"Tulikufa wengi pale stesheni ya Fort Totten, Nyekundu inapovukana na Kijani."

Akanitazama kwa macho ya muuguzi, yale ya kuangalia kama mgonjwa anajua leo ni siku gani. Akamwita baba yake.

Lusekelo akatoka jikoni na birika mkononi, amelifunga kwa gazeti. Akamkuta Jaha juu ya sanduku. "Ondoka hapo, Jaha, litapasuka. Wewe si unyoya."

Lilikuwa tusi lake la kwanza kwa wiki nzima, na Jaha alilipokea kwa meno yote. "Nitaondoka ukiniambia unataka kwenda. Siulizi kama umekubali. Nauliza kama unataka. Sema kwa mdomo wako, mtani, na sanduku nitalibeba mimi mwenyewe."

Cosmas akakoroma.

Lusekelo aliliweka birika chini. "Nikiamka huko asubuhi," akasema, bila kumtazama mtu, "nitakwenda wapi?"

"Popote, Baba," Flaviana akasema. "Utaniambia tu, nitakupeleka."

"Ndilo hilo, mwanangu. Huko nitapelekwa. Hapa nakwenda."

Flaviana akakaa sakafuni na boksi la sahani mapajani. Yeye huwa anaelewa Kiswahili chote na kujibu nusu kwa Kiingereza, lakini mara hii alijibu kwa Kiswahili kitupu, polepole, anakitafuta. "Dakika arobaini, Baba. Ulikaa kwenye barafu dakika arobaini, halafu ukaniongopea. Mimi kila siku kazini nageuza wazee wa watu vitandani. Wa kwangu nasikia habari zake kwenye karatasi."

Tulikuwa tumekuja kumtetea mtu, tukakuta mwenzake ana haki vilevile.

Jaha akasimama kutoka kwenye sanduku. Ndipo nilipoujua uzuri na ubaya wa kusoma vitabu, maana mtu mwingine angeishia kwenye sehemu inayompendeza. "Kuna nusu ya pili," akasema. "Mtani ana haki ya kuzuia, lakini ana kazi pia. Yeye ndiye anayechimba kaburi. Anapika, anaosha vyombo, anabaki mpaka mwisho. Akidai haki akakimbia kazi, huyo ni mhuni."

Flaviana akafuta uso kwa kiganja. "Kazi?"

"Kazi."

"Sawa." Akaweka boksi chini, akatoa simu, na sauti ikawa ile ya wodini. "Basi anabaki, na kazi mtaifanya. Kila siku saa tatu asubuhi mtu mmoja anakuwa naye, na ananipigia mimi. Siyo yeye anipigie, maana yeye atasema mzima hata akiwa chini ya lori. Jumatatu na Jumanne, Mama Jaha. Jumatano na Ijumaa, huyo. Mwamsheni."

"Nimeskia," Cosmas akasema, macho yamefumbwa. "Jumatano na Furahiday."

"Jumamosi mko wote. Jumapili ni yangu, nitamchukua baada ya ibada na atalala Annandale, kitanda kinatangulia. Alhamisi, Bibi Ghati."

"Mwanangu, mimi si wa laini yoyote. Mimi mwamuzi tu. Na kutoka Oxon Hill ni basi kwanza, ndipo treni."

"Umesema mlikufa wengi Fort Totten. Aliyetoka hai vitani atashindwa na Alhamisi?"

Jaha alicheka mpaka akashika ukuta. Nikaandikwa Alhamisi.

Kisha Flaviana akamgeukia baba yake. "Na wewe. Akianguka mtu, uwe wewe au yeyote uliye naye, unapiga simu pale pale. Siyo kazi yako kuamua kama ni jambo dogo. Ukificha mara moja tu, nakuja na lori."

"Nimesikia, Mama," akasema Lusekelo. Humwita hivyo anapokuwa amekubali kwa moyo.

Lori likaenda Annandale na kitanda na kochi, kwa sababu lilikuwa limeshalipiwa na Flaviana si mtu wa kupoteza safari. Lusekelo alilala juu ya godoro sakafuni siku nne, hadi Cosmas alipomletea kitanda cha chuma kutoka kwa mtu anayerudi Nairobi.

Hivyo ndivyo anavyoishi sasa. Jumatatu anagombana na Jaha kuhusu ngazi, Jumatano anamtazama Cosmas akisinzia kutoka Greenbelt hadi Anacostia, na Jumapili anakula samaki wa Annandale na kusifia bafu. Ana watu wengi wa kumwangalia kuliko benki. Amenenepa.

Barafu ya mwaka huu ilikuja Januari. Ilikuwa Alhamisi. Lusekelo alikuwa amenifuata hadi stesheni ya Southern Avenue, ambapo basi langu huishia, ili nisisumbuke kupanda treni, nami nikamwona kwa mbali, nikaharakisha ili niicheke kofia yake. Nikateleza. Niliruka juu kiasi cha kuliona paa la stesheni, hilo nitaapa, nikatua kwa kalio, na kiatu kimoja kikaenda upande wake.

Alinifikia kabla ya mtu mwingine yeyote. "Bibi, usinyanyuke haraka."

"Mdogo wangu, si jambo. Tusimwambie mtu."

Alikuwa ameshabonyeza simu. "Flaviana, ameanguka Bibi Ghati. Hapana, hakugonga kichwa. Ngoja nimwulize." Akainama. "Anauliza leo ni siku gani."

"Mwambie ni Alhamisi, zamu yangu, naye asiingilie."

Akamwambia yote, neno kwa neno. Kisha, kabla sijapata hata kiatu changu, akampigia binti yangu wa Oxon Hill, ambaye namba yake sijui aliipata wapi. Binti yangu alifika na kelele zake, akatukuta tumekaa kwenye benchi, na swali lake la kwanza lilikuwa: mama yangu huyu, zamu ya kumwangalia yeye ni ya nani?

Lusekelo akasema ataichukua yeye, siku zote tano za kazi, mradi stesheni nitumie lifti, si ngazi.