Jumamosi Niliyomtembeza Sauda Rau

Nisiwafiche, hadi leo nikiikumbuka Jumamosi ile hujifunika uso kwa mto hata kama niko chumbani peke yangu, na chumbani mimi huwa niko peke yangu, kwa hiyo sijui huwa namficha nani.

Mimi ni fundi makochi, naishi Rau hapa Moshi, huu mwaka wa kumi na moja. Shule niliishia darasa la saba, lakini mambo yangu huyaandika kwenye daftari kila jioni, ndiyo maana naweza kuwasimulia kwa mpangilio (nikikosea mahali mnivumilie, kurasa mbili za siku ile zilimwagikiwa chai). Nina mtoto mmoja tu, Sauda. Mama yake tuliachana mtoto ana miaka minne, akarudi naye kwao Tanga akaolewa na Mzee Hamisi, na huyo Mzee Hamisi kwa haki kabisa sina neno baya juu yake, ndiye aliyemlea, ndiye aliyekesha naye hospitali alipougua, mimi nilikuwa natuma salamu na nguo za Idi, na Idi nyingine nguo zilikuwa hazimtoshi kwa sababu nilikuwa namkadiria tu.

Basi wiki ile akanipigia simu. "Baba, nimeposwa. Niko Himo kwa rafiki yangu, Jumamosi nakuja nishinde na wewe. Nataka tuongee nani ataniozesha."

Kwetu Waislamu baba ndiye anayemwozesha binti yake, ama ampe mtu mwingine uwakili atamke neno la kuozesha kwa niaba yake. Niliposikia "nani ataniozesha" nikajua moja kwa moja anakuja kuniomba nimwachie Mzee Hamisi, na nilitaka sana, jamani nilitaka sana, kulitamka neno lile mimi mwenyewe. Nikawaza, akiniona ni mtu mwenye watu, mtu anayeheshimika mtaani kwake, labda atabadili mawazo. Tatizo ni kwamba kwenye simu kwa miaka yote nilikuwa namwambia Rau nzima ni ndugu zangu, kila nyumba naingia bila kubisha hodi, na ukweli ni kwamba Rau nzima walikuwa wananisalimia kwa kichwa tu na kupita.

Na hilo lazima niwaeleze lilianzaje, maana bila hilo hamtaelewa. Miaka mitatu nyuma Bibi Anasia, mama mtu mzima wa kule njia ya mtoni, aliniletea kiti cha marehemu mume wake nikibadilishe kitambaa na sponji. Nilipokifungua nikakuta mikono ya kiti imeliwa na mchwa, ukiibonyeza inatoa unga. Nikampigia mtoto wake Eliamani aliyeko Mwanza, akasema fundi weka mipya, nikaweka mipya, mbao nzuri ya mninga, ile ya zamani nikaitia jikoni ikapikia maharage. Kumbe Eliamani hakumwambia mama yake. Bibi alipokipokea aliishika ile mikono, akaipapasa, akaniuliza "Ya zamani iko wapi?" nikamwambia nimeichoma, akaingia ndani. Hakunitukana hata siku moja. Aliacha tu kunisalimia, na watu wa kule wakafuata mmoja mmoja, na mimi nikaanza kwenda mtoni kwa kuzunguka nyuma ya kanisa ili nisipite kwake. Nilijua sina kosa. Nilikuwa najiambia hivyo kila siku, na mtu mwenye uhakika sidhani kama hujiambia kila siku.

Haya, Jumamosi ikafika. Ratiba nilikuwa nimeiandika na saa zake, na ratiba yenyewe ilikuwa nzuri, yeyote mwenye siku moja Rau aifuate: asubuhi kabla ya saa mbili uwe umeshatoka nje, maana mlima ukishajifunika mawingu haukuonei huruma hata kama umetoka mbali, halafu mtori wa moto, ile supu nzito ya ndizi, pale njia panda, halafu ushuke taratibu kwenye vichochoro vya migomba na mibuni ambako hata jua la saa sita linakufikia vipande vipande, halafu mtoni ukaweke miguu kwenye maji ya baridi, na mwisho msituni ukaione mivule ambayo watu watatu wakishikana mikono hawaimalizi kuizunguka. Hayo karibu yote nilimwonyesha. Mlima ulitoka mweupe kabisa, Sauda akapiga picha mpaka nikahisi ni mimi niliyeujenga.

Kwenye mtori ndipo nilipoanza kuloa jasho. Nikaingia kwa sauti kubwa, "Mama, tuletee vile vyetu vya kila siku!" Yule mama akanitazama, akamtazama Sauda, akasema kwa upole, "Karibuni wageni. Mnatokea wapi?" (Kwa haki, yeye mwenyewe alikuwa amehamia pale mwezi huo.) Sauda akacheka, nikacheka zaidi yake.

Tuliposhuka kuelekea mtoni tukafika pale njia inapogawanyika, moja fupi inapita uani kwa Bibi Anasia, nyingine ni ile yangu ya kuzunguka kanisa. Na kiatu cha Sauda kilikuwa kinamkata kisigino. "Baba, si tupite hapa? Mbona mto unasikika hapo tu?" Ningesema nini? Kwamba kuna nyumba moja katika Rau yangu nzima siwezi kupita? Nikasema twende. Neno moja tu, twende, na yaliyofuata yote yalitoka humo.

Uzio wa Bibi ni wa masale, yale majani marefu ya kijani ambayo Wachaga hupanda mipakani. Sauda kakulia Tanga, kwake ni majani ya urembo tu. Akachuma jani moja, akapiga nalo picha, halafu akanipa nimshikie afunge kiatu, na akiwa ameinama hivyo akasema, "Baba, kuhusu ile habari ya kuozeshwa…" Sikuona tena njia, sikuona jani, mimi Mrangi lakini nimezaliwa Moshi hapa hapa na najua sana sale ni kitu gani, ila wakati ule hata ungenipa nyoka ningemshika. Nikamkatisha, "Tutaongea mtoni mama, tutaongea," nikaanza kutembea mbele haraka haraka ili nisilisikie neno lenyewe, nikakata kona, nikatokea uani.

Na uani kulikuwa na watu. Jumuiya yao ya kanisa ilikuwa imesali kwa Bibi siku hiyo, kina mama kama kumi na wawili kwenye mabenchi, na balozi wa nyumba kumi naye yupo na sahani yake ya ndizi. Wote wakageuka. Wakaniona mimi, fundi, nimesimama katikati ya uwanja wa Bibi Anasia na jani la sale nimelishika kwa mikono miwili.

Kwa msiojua: huku mtu akikukosea, akakujia na sale mkononi, amekuja kuomba msamaha, na ukishaletewa sale huwezi kumkataa hata kama alikuchomea nyumba.

Bibi akainuka. Alichukua muda kuinuka, magoti yake si mazima. Akanijia mpaka mbele yangu, akalipokea lile jani, akasema, "Miaka mitatu, fundi. Nilikuwa nasema huyu si mtu mbaya, atakuja."

"Shikamoo, mama," ndilo nililoweza.

"Marahaba. Yameisha. Mbele ya hawa wote, yameisha."

Kina mama wakapiga vigelegele, balozi akanipiga mgongoni mpaka nikakohoa, "Mwanaume ndiyo huyu!" na mwingine akasema, "Na binti yake kamleta awe shahidi, mae, tazama mtu mwenye adabu!" Sauda akanitazama, jamani, akanitazama vile ambavyo nilikuwa natamani anitazame tangu ana miaka minne. Nikajiambia nitaeleza baadaye.

Wakakileta kile kiti. Kile kile. Wakanikalisha humo, wakanipa kikombe cha mtindi, nikakiweka juu ya mkono wa kiti nilioutengeneza mwenyewe, na Bibi akaketi benchi la karibu na kumweleza Sauda taratibu, kama anavyosimuliwa mtoto wa nyumba. Kwamba mumewe alikuwa anasikiliza redio jioni huku anasugua mkono wa kulia wa kiti kwa kidole gumba, miaka na miaka, mpaka pakawa na kishimo. "Alipofariki mimi nilikuwa naweka kidole changu humo," akasema, na machozi yakamtoka, ila alikuwa anatabasamu. Mimi nilikuwa sijui. Naapa sikuwa najua habari ya kishimo.

Kungeishia hapo ningekuwa mtu mwingine leo. Lakini Sauda alikuwa amefurahi, naye akifurahi huongea. "Bibi, kumbe haya majani yana maana hivi? Na mimi nimelichuma tu hapo kwenye uzio wako, zuri, nikampa baba anishikie nifunge kiatu!"

Balozi akaliangalia jani, akauangalia uzio, akaanza kucheka. "Fundi! Sale la mwenyewe unamletea mwenyewe?"

"Usicheke," Bibi akamwambia. Akanigeukia. "Fundi, ulikuja kuniomba radhi, au hukuja?"

Mngekuwa ninyi mngesema nini? Nimeuliza watu wengi, wote wanasema, si ungesema nimekuja, mama. Hata nisamehe mama ingetosha. Lakini mimi nina ugonjwa wa kutaka mambo yakae sawa, nikaona nikinyamaza nitakuwa nimemdanganya mama mtu mzima mbele ya watu wa dini, na kweli ningekuwa nimemdanganya, nikafungua mdomo nikasema, "Kwa haki, mama, nilikuwa napita." Hapo tu pangetosha kuniharibia, lakini nikaendelea, nikasema mbao ilikuwa imeliwa na mchwa, nikasema Eliamani alikubali kwa simu, namba yake ninayo aulizwe, nikasema mninga ule hata wajukuu wataurithi. Nikainuka kuwaonyesha, nikaugonga mkono wa kiti kwa ngumi, "Sikilizeni wenyewe ulivyo mgumu!" na kile kikombe cha mtindi nilikuwa nimekisahau, kikaruka, kikammwagikia Bibi kanga nzima kuanzia kifuani.

Hakuna aliyecheka, hata balozi.

Bibi akajipangusa kwa ncha ya kanga. Hakupandisha sauti. "Sawa, fundi. Ulikuwa unapita. Basi pita."

Tukapita. Mabenchi mawili, kuku, uzio wa upande wa pili, safari ndefu kuliko ya Tanga. Nyuma nikasikia mama mmoja anasema, "Na mtoto wake mzuri hivi, maskini."

Mtoni tulifika (ratiba ilisema saa nane, tulifika saa nane kasoro). Sauda akavua viatu akaweka miguu majini. Nikamwambia, "Lakini nilisema kweli, mwanangu. Kila neno."

"Najua, baba."

"Mchwa walikuwepo."

"Najua. Mama aliniambia ulivyo. Aliniambia, baba yako hajawahi kukosea hata siku moja, ndiyo maana tuliondoka."

Akachezea maji kwa mguu, halafu akasema, na hili ndilo ninalojifunikia mto, "Nilikuja kukuomba uniozeshe wewe. Nilishamwambia Baba Hamisi, akasema ni haki yako, nikuone nikuombe."

"Na sasa?"

"Bibi yule alikuwa analia, baba. Wewe ukagonga kiti." Akajifuta macho kwa kiganja. "Siku hiyo na mimi nitalia. Nataka aliye karibu yangu anijue nikilia. Uwakili umpe Baba Hamisi. Ila uje."

Nikasema sawa. Mivule sikumwonyesha vizuri, tuliitazama kwa mbali. Saa kumi bodaboda ikampeleka stendi na mimi nikarudi nyumbani kwa kuzunguka kanisa.

Kwa Bibi Anasia nilikwenda wiki iliyofuata. Safari hii nilikwenda kwa ajili hiyo tu, nikakuta mlango umefungwa, jirani akasema Eliamani amekuja kumchukua akakae naye Mwanza, hajui kama atarudi. Nilibisha hodi mara ya pili hata baada ya kuambiwa hivyo, sijui kwa nini.

Tanga nilikwenda. Msikitini nilikaa safu ya mbele, Mzee Hamisi mwenyewe aliniachia nafasi. Shekhe akauliza baba mzazi yupo, watu wakanyoosha shingo, nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Akaniuliza nimempa nani uwakili wa kumwozesha binti yangu, nikamtaja Hamisi kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, na hilo ndilo lilikuwa neno langu lote katika ndoa ya mwanangu. Baadaye nikaenda walikokaa wanawake kumpa mkono, nikamkuta Sauda analia kama alivyosema. Nilikuwa na la kumwambia, nilikuwa hata nimeliandika kwenye daftari ndani ya basi, maelezo marefu ya kwa nini siku ile nilifanya vile. Nikaliacha mfukoni. Nimeapa, mtu akilia mbele yangu, nina haki sina haki, kwanza nitanyamaza. Nikasimama pale, nikamshika mkono, nikanyamaza, na yeye hakuuondoa mkono wake mpaka walipokuja kumwita.