Kivinjari Ambacho Hakijaiva

"Ka-ka-ka-ka-ka!" sauti ilitoka sebuleni. Nilikuwa jikoni namenya ndizi na shangazi, naye hakuinua hata macho. "Nenda ukachukue yai," akaniambia. "Huyo kuku amezoea kutagia kwenye kochi."

Hapakuwa na yai. Palikuwa na dada, blauzi ya kanisani juu na kanga chini, ameikodolea macho kompyuta yangu. Kwenye kioo, rafiki yake aliyeko Isingiro, aliyejifanya bosi ili dada afanye mazoezi, alikuwa ameganda mdomo wazi katikati ya neno "karibu".

"Imestaki," dada akasema, na nikaona machozi yanakaribia.

Mchana ule alikuwa na usaili wa video na kampuni ya kahawa ya mjini. Tangu amalize chuo alikuwa akichuma kahawa yetu hapa Igurwa, akisubiri siku mtu amwite aihesabu badala ya kuichuma. Siku yenyewe ndiyo hiyo.

Kompyuta yangu ilikuwa na vivinjari viwili, mapacha wa mama mmoja. Kimoja toleo thabiti, linalotumiwa na watu wote. Kingine toleo la majaribio, linalotolewa mapema kwa watu kama mimi, tunaopenda umande kabla jua halijauona. Mimi ndiye niliyemfungulia dada hicho cha pili.

"Hiki kinafuta kelele za nyuma," nikakitetea. "Ukitumia kile cha zamani, mabosi watamsikia jogoo."

"Bora wamsikie jogoo kuliko wasinisikie mimi!"

Shangazi akaingia, mikono imepakwa mafuta ya kupikia ili utomvu wa ndizi usigande. Akataka aelezwe. Nikamweleza kwa lugha anayoiheshimu: kile cha kwanza ni rubisi, pombe ya ndizi, iliyokaa siku zake, hiki kimetolewa mapema kwenye mtumbwi wa kuchachushia, bado kinachemka, lakini kina utamu ambao wengine hawajaujua.

"Na nani amekionja?"

"Sisi tunaokitumia ndio waonjaji."

"Basi kumbe unajua." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Mwenye pombe huonja kwanza, mgeni akimtazama. Kisha ndipo kibuyu kinazunguka. Wewe unampa mwenzio kibuyu, mwenyewe uko jikoni unamenya ndizi! Kaa hapo. Onja."

Nikakaa. Rafiki wa Isingiro akapigiwa tena. Nikaanza kwa madaha kueleza uzuri wa toleo jipya, na nilipofika kwenye neno "uthabiti", yule rafiki akaanza kucheka hadi akashika mbavu. Kwake nilikuwa nimeganda jicho moja limefumba, ulimi nje.

"Anafanana na mbuzi wa Pasaka," shangazi akasema alipoonyeshwa picha ambayo rafiki aliituma kwenye simu ya dada. "Mwanangu, kunywa pombe yako peke yako."

Dada akafungua kile kilichoiva. Mimi na shangazi tukatumwa nje kumshika jogoo.

Tulimfukuza hadi katikati ya migomba. Shangazi alipomdaka mkia, yule jogoo aliwika kwa nguvu zake zote, wakati ambapo, kupitia dirishani, dada alikuwa akieleza namna ya kupanga kahawa kwa madaraja. Shangazi akamfunika jogoo kwa kanga na kuanza kusali kwa Kinyambo. Kisha tukasikia wanaume wanacheka kompyutani, kicheko kizima, hakikukatika hata mahali pamoja.

Dada alitoka baada ya muda.

"Wameuliza kama huyo ni jogoo wetu."

"Ukasemaje?"

"Nikasema ndiyo, shikamooni, na samahani, hana kitufe cha kumzima." Ndipo akaturukia. "Naanza Jumatatu!"

Jogoo hakuiona Jumatatu. Paja lake lilifungwa kwenye jani la mgomba, likawekwa kwenye mkoba wa dada, juu ya nguo. Asubuhi ya safari yake nilikuwa mezani, nimeshakifungua kipenzi changu. Usiku kilikuwa kimejipa sasisho jingine, na sasa kilikuwa na rangi mpya na hakikufungua ukurasa wowote.

Dada akachungulia begani kwangu.

"Kinaonjeka?"

"Bado kidogo."

"Endelea kuonja, mdogo wangu," akasema, akanipiga kofi la upendo kisogoni, akauvuta mlango nyuma yake.